Deni Namba Tano

Karani alikuwa na kalamu mbili, ya bluu kwa mali,
nyekundu kwa madeni. Nyekundu ilikauka kabla ya saa nne.
Akaazima kwa askari wa mlangoni.

Nyumba kwanza. Mabatini, kule juu, bajaji zinakoishia njiani.
Vyumba vitatu na jiwe.
Hakimu akauliza, jiwe gani?
Lugembe akajibu: ukuta wa nyuma, mheshimiwa, ni jiwe.
Hatukulijenga. Tuliliegemea.
Karani akaandika: vyumba vitatu.

Lakini jiwe lile ndilo lilitutunzia jua la mchana
likatugawia usiku, mwezi wa saba.
Katika ufa wake nilificha ada ya watoto,
naye alijua, wala hakugusa.
Hilo nalo nalisema,
isije ikadaiwa kwamba nilipanda kule na mdomo wa upande mmoja.

Friji: lilikufa mwaka juzi, tunawekea unga.
Kitanda cha mninga: achukue, sikitaki hata kukiona.
Kuku kumi na mmoja.
Hawagawanyiki hawa, akasema hakimu.
Jogoo achinjwe, nikasema, na watu wakacheka,
na Lugembe akacheka,
kicheko kilekile kilichoniponza sokoni Kirumba
nikiwa na ndoo ya dagaa kichwani na miaka ishirini na miwili.
Nikageukia dirisha. Ziwa lilikuwepo,
limejikalia kama mtu asiyedaiwa.

Madeni sasa.

La kwanza, kikoba, laki tatu. Langu, sina ubishi.
La pili, injini ya mtumbwi.
Mtumbwi uko Ukara, na anayeusubiri ufukweni yuko Ukara,
basi deni nalo lipande kivuko liwafuate.
La tatu, dukani, mchele na sukari na mafuta:
tulikula wote, likatwe katikati.
La nne, kausha damu. Nilisaini mimi, akatumia yeye,
na hapo tulitoleana maneno
mpaka hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akakuta bado tunaendelea.

La tano.
Laki sita na arobaini, kwa seremala wa Igogo.
Jeneza la marehemu Nkwimba, mama wa mdaiwa.

Lugembe akasimama. Hilo langu. Ni mama yangu.
Nami nikasimama. Hapana. Hilo langu.

Hakimu akaweka kalamu chini.
Tangu asubuhi mnayakimbia madeni,
hili moja mnaligombania?

Mheshimiwa, nikasema, vile vishikio vya rangi ya shaba
nilivichagua mimi.
Miaka miwili nilimgeuza kitandani, ubavu huu, ubavu ule,
mwanawe akiwa visiwani na injini yake.
Ni yeye aliyenifundisha kumjua sato wa jana
kwa kumfunua tamvua, si kwa kumsikiliza muuzaji.
Talaka nimeisoma. Imetaja jina la mwanawe.
La kwake halimo.

Nikilipa, nitakwenda Kisesa kupalilia kaburi,
na shemeji yeyote atakayeniuliza, wewe hapa kama nani,
nitamwonyesha risiti.

Lugembe hakunijibu.
Aliitazama kofia yake, akaizungusha, akaizungusha tena.
Halafu akasema, kwa sauti ya chini, siyo ya mahakamani:
Nami nitawaonyesha nini, Minza?
Sikuwepo hata kumfumba macho.

Feni ilikuwa inazunguka na kitu kimelegea ndani yake.
Laki tatu na ishirini, akasema hakimu. Kila mmoja.
Karani akaandika. Wino ule wa kuazima
ukakatika katikati ya neno, akarudia juu yake
mara mbili, karatasi ikatoboka.

Ngazini nilimkuta akifunga kamba ya kiatu,
au akijifanya.
Seremala anapokea Jumamosi, nikamwambia,
kabla ya saa sita.

Akasema anajua.